Nondo wa Mitoma ya Bondeni

Mabira, Karagwe
Jumapili

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini huko Muleba nyote ni wazima, na kwamba mguu wa Bibi umepata nafuu. Hapa kwa Mama Mdogo tunakula na kulala salama. Naandika haraka ili barua yangu iitangulie ya Baba Mdogo.

Nilikueleza juu ya nondo niliowaona kwenye mitoma ya bondeni, ile miti ya jamii ya mkuyu iliyo chini ya shamba lao. Wana rangi ya majivu, na bawani wana mstari mweupe, kama tone la maziwa lililovutwa kwa kidole. Mwalimu wa biolojia alipekua vitabu vyote vya shule asiwaone. Alisema pengine hawapo mahali pengine popote, na tukipata viwavi wao atawapelekea wataalamu Dar es Salaam.

Jumatano kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya wadudu wanaoangusha migomba. Baba Mdogo akaniinua kwa mkono: "Huyu anasoma wadudu shuleni. Aseme!"

Mama, unajua ninavyoogopa watu. Nikasema wadudu hao ni fukusi, wanakaa kwenye visiki vya migomba, basi tung'oe visiki tuvikatekate vikauke. Jirani akauliza, "Na wale nondo wako?" Nikajibu hawana madhara, viwavi wao hula majani ya mitoma tu.

"Leo mitoma, kesho migomba!" akasema bibi mmoja, watu wakacheka. "Waitu, ndugu zangu, kijana ametuonyesha wanakolala!"

Nilikataa hadi sauti ikakauka. Mwenyekiti alikuwa ameshachagua watu wa mashoka.

Kesho yake walikata mitoma yote, wakachoma matawi. Nondo waliosalia walikuja kutua ukutani kwetu, peupe kabisa. Kuku wakawala. Mama Mdogo akanitania, "Mayai yatakuwa makubwa mwaka huu." Nilishindwa kucheka. Visiki vya migomba hakuna aliyevigusa. Wanasema kazi imekwisha.

Mwalimu aliniuliza tu, "Hata mmoja?" Sikuwa na hata mmoja. Nilikuwa nawaacha wazae kwanza.

Njiani wanaume wananivulia kofia: "Daktari wa migomba!"

Msalimie Bibi, dada na mtoto wake mchanga, na mjomba fundi cherehani. Baba Mdogo atakuandikia kwamba nimekiokoa kijiji, na atakushukuru kwa kunisomesha. Nakuomba, Mama, usifurahi.

Ni mimi mwanao,
Deogratias