Picha ya Mtaa Mtupu

Jumatatu, 3 Juni

Kazi ya manispaa nimeipata! Picha za mabango: "Mji Wetu, Tutembee." Bosi wa mradi anataka mtaa wa posta uonekane mpana, msafi, unapumua. Nimefika asubuhi na mapema, na mkanda wa kiatu ukakatika palepale. Fundi viatu akanishonea nimekaa kwenye benchi lake la wateja, lile ambalo Mama hupumzikia kila Jumamosi magoti yakimuuma. Hela akakataa. Eti mama yako ni mtu wangu, ntakutozaje wewe?

Halafu mimi na uso wangu mkavu nikawaomba wasogee. Yeye, muuza machungwa, na yule wa magazeti. Dakika tano tu, jamani! Wakacheka, wakasogea. Fundi akabeba benchi mwenyewe. Tena akachukua ufagio akafagia pale alipokuwa, ili picha itoke vizuri. Akauliza, wateja wataongezeka? Nikasema wataongezeka sana.

Picha imetoka — acha tu!

Jumatano, 5 Juni

Bosi kaipenda kupita kiasi. Kaiweka ukutani kwa projekta, kikao kizima kinatazama. Akasema mtaa unatakiwa kuwa hivi. Nilidhani ananisifu mimi. Nikachekelea.

Ijumaa, 21 Juni

Wameondolewa. Wote! Dada wa duka la dawa kanihadithia: askari wa manispaa walikuja jana na lori. Amri ni kwamba pabaki kama kwenye picha. Kama kwenye picha! Benchi la Fundi limerushwa humo pamoja na matenga ya machungwa.

Sijala. Mimi nilisema dakika tano.

Jumanne, 2 Julai

Bango limetundikwa mbele ya posta, kubwa kama nyumba. Nimepita pale jioni, saa ya watu kutoka kazini. Mpana, ndiyo. Msafi, ndiyo. Na hakuna mtu! Watu wanavuka wanapita upande wa pili, kwenye msongamano, afadhali huko kuna wenzao. Nimejikuta nakaza mwendo, mkoba nimeukumbatia. Mtaa uleule niliokuwa napita nikisalimia mpaka mate yanakauka.

Kumbe ulikuwa unatembeka kwa sababu yao. Kulikuwa na wa kukuambia pole na kazi, wa kukuangalizia mzigo, na pa kukaa. Nami nimewafagia. Hapana, mbaya zaidi — nimemfagilisha Fundi mwenyewe.

Mama haendi tena mjini. Nikimuuliza ananijibu, "Nikichoka nikae wapi, kichwani kwako?" Kisha anamgeukia aliyepiga ile picha, maana habari imeenea, ila hajui kuwa ni mimi: mshenzi huyo, sijui kazaliwa na nani! Nimeinamia kikombe cha chai.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu, aibu, aibu.

Dawa ya Mama imeisha na duka ni lile la mtaa wa posta, ikabidi twende. Polepole, kanishika mkono. Mbele ya bango, tunakutana na nani? Fundi! Siku hizi anazunguka, sanduku begani, kakonda. Nikageuza uso kama mdaiwa. Wapi! Alikwishaniona.

"Mpiga picha wetu!" Akamshika Mama mkono. "Mama, binti yako ana jicho huyu. Ile pale ni kazi yake. Na mimi ndiye niliyefagia!"

Kwa fahari, jamani. Hajui. Au anajua na hana kinyongo, na hilo ndilo lingenimaliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaniomba kwa upole kabisa: wewe unawajua wale wakubwa, hebu waambie tu kwamba tulikuwepo. Nikasema ndiyo, ndiyo, huku natazama viatu vyangu. Vilevile alivyovishona yeye.

Mama hakunipigia kelele. Angenipigia, ningeshukuru. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akatazama bango, akanitazama mimi. Halafu: "Magoti yangu. Nitafutie pa kukaa."

Nikatazama mtaa wote, juu mpaka chini. Hapana pa kukaa. Fundi ndiye aliyeshusha sanduku lake, akalipangusa kwa shati, Mama akakaa. Chini ya bango langu.

Jumapili, 14 Julai

Mama kaninunia. Chai ananiwekea, salamu hanipi.

Mchana Bosi kapiga simu. Kesho ni mtaa wa sokoni, ule wa mafundi cherehani na wasusi. Niupige kama ule wa kwanza, pawe wazi. Na mimi nikasema nini? Sawa, Bosi! Ulimi huu, ningeukata.

Ninayo picha nyingine ya mtaa wa posta. Niliipiga kujaribu kamera kabla hawajasogea. Fundi kainamia kiatu, machungwa yamepangwa, mtu kakaa kwenye benchi anasoma gazeti la bure, watu tele wanapita wanacheka. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Sijamwonyesha mtu. Nikiipeleka manispaa, watajua ile ya bango niliipanga, na kazi kwaheri.

Kumbe Mama kaisikia simu yote. Sasa hivi kasimama mlangoni mwa chumba changu, kigoda cha jikoni mkononi.

"Kesho tunakwenda wote. Nitakaa katikati ya huo mtaa, na sisogei hata dakika moja. Utaniambiaje — Mama, toka kwenye picha?"

Anasubiri jibu. Nami nimeinama naandika, najifanya nina shughuli.