Msumari wa Bati

Nyabiyonza, Karagwe
3 Novemba 2024

Kaka yangu Projest,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu. Sisi huku tunaendelea, ila kifua cha Baba bado kinambana, na mvua imeangusha migomba kumi na miwili upande wa kisima. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe una haraka siku zote, na haya nataka uyasikie mpaka mwisho.

Nimeonyeshwa ulichoandika mtandaoni kuhusu safari yenu, pamoja na picha ya lile gari-nyumba likiwa limeinama uani kwetu. Umewaambia watu kwamba barabara za Karagwe zimejaa misumari. Wamecheka wengi. Mimi nilikasirika, kaka, sitakuficha.

Unajua Baba alivyokusubiri. Tangu ukose maziko ya Mama, miaka kumi na mmoja sasa, alikuwa na ombi moja tu: ulale chini ya paa lake, japo usiku mmoja, kabla hajafa. Uliposema unakuja, aling'oa mabati ya chumba chako yaliyokuwa yanavuja akapigilia mapya, mzee wa miaka themanini juu ya ngazi, mimi nimeishika chini namsihi ashuke. Siku mliyofika alikata nyasi mwenyewe, akazitandaza sakafuni kama anavyotandaziwa mgeni wa heshima.

Nanyi mkaja na nyumba yenu. Ina kitanda, ina jiko, hata choo kimo. Majirani walipanga foleni kuchungulia. Ulikula ndizi za Baba, ukatafuna buni zake za kahawa, jioni ukaaga kwamba mtalala garini kwa kuwa wifi anaogopa viroboto wa kwenye nyasi. Kesho yake, ukasema, mnawahi Murongo mvuke kwenda Uganda. Baba akajibu kwamba hakuna neno.

Asubuhi gari lilisogea kidogo tu, tairi la nyuma likaisha upepo. Unakumbuka mwenyewe: jeki yenu ilizama kwenye tope, nati zikagoma, na fundi Lameck akasema kwenye simu kwamba Jumapili hatoki Kayanga, atakuja na jeki ya Fuso Jumatatu. Baba alichangamka kama kijana. Akabadilisha nyasi, akaagiza pombe ya rubisi. Nilipoliona gari limelala upande nikasema moyoni, leo kaka ataingia ndani, atake asitake. Mkaita pikipiki mbili, mkaenda kulala gesti Kayanga. Siku ile Baba hakula.

Jumatatu, Lameck alipoung'oa ule msumari, Baba aliuomba, akautazama, akautia mfukoni. Wewe ulikuwa unanawa mikono.

Sasa nikwambie. Barabara haina kosa. Ule ni msumari wa bati, uliobaki kwenye kopo tulipoezeka chumba chako. Alfajiri nilipokuwa naenda kisimani, nyinyi mmelala, niliusimamisha kwa kichwa chake, ncha juu, nikausogeza hadi kwenye tairi. Sikutaka kuwaumiza. Nilimtakia Baba usiku mmoja tu. Kwa Mungu nimekwisha kutubu. Kwako sijaona sababu.

Mlipoondoka Baba aliniita, akakunjua kiganja, msumari umo. Nilipiga magoti nikijua leo nalaaniwa. Akaniinua, akasema, "Auleria mwanangu, ungetoboa matairi yote."

Hakuwa anatania. Aliingia chumbani kwako, akafunga mlango. Nyasi zimekauka mle ndani na amenikataza kuzitoa.

Msalimie wifi, mwambie viroboto hawajambo. Baba naye anakusalimu, anasema hana kinyongo. Mimi ninacho, na nitakaa nacho mpaka nikuone. Mungu akulinde huko uliko, na ukija tena, kaka, njoo kwa basi.

Ni mimi mdogo wako,
Auleria