Kazi Yangu Kubonyeza

Skola uko wapi?? Shoga, bado niko hapa Kariakoo.

Si unajua nashuti ile filamu ya bosi wangu Bakili, ya mambo ya mwaka 55? Kajipa mwenyewe uhusika mkuu, eti muuza kanga aliyefiwa na mke. Kanzu, tarabushi, duka la zamani, kila kitu. Halafu mkononi kavaa ile saa yake inayoungana na simu! Mwaka 55!!

Nikamfuata nimwambie taratibu. Hata sijamaliza, kaninyooshea kidole mbele ya watu wote: "We Candida, kazi yako kubonyeza. Bonyeza tu!"

Bonyeza tu. Mimi. Na kamera ni YANGU.

Haya, nikabonyeza. Kaanza kulia, kainua mkono kufuta machozi, mkono wa kanzu ukateremka mpaka kwenye kiwiko. Simu ninayo mfukoni. Nikambipu.

Saa ikawaka. Nikavuta picha karibu nione.

Unajua kanisevu nani? "KAMERA NJAA".

Skola. Kamera Njaa!! Mwaka mzima namfanyia kazi huyu mtu!

Nilitaka kulia na mimi. Lakini sikukata. Nikatulia hapo hapo kwenye saa, herufi zinasomeka vizuri kabisa, mpaka alipomaliza kumlilia marehemu wake.

Kafurahi huyo! Picha hata hajaiangalia, anasema hiyo hiyo ndiyo itafunga filamu. Hela yangu kashatuma, na nimeshatoa.

Sasa hivi kaniuliza jina langu liandikwe vipi mwishoni.

Nimemwambia, bosi usihangaike, limo tayari.