Kwa Famau Athmani, Aliyebisha Hodi Mara Moja

Kitendawili, Famau! Nagonga mara moja, mwenyewe hafungui, lakini ananijibu. Ni nani huyo?

Ni chako mwenyewe, nakurudishia. Mwaka umetimia, mume wangu, tangu homa ikuchukue kambini kwa watafuta mafuta, nyuma ya Ras Kamboni, mwaka wa 1956, ukazikwa hukohuko. Nyumba yetu ya Kudha bado inasikiliza mlango.

Wataliani wanaotafuta mafuta walikuwa wakilipua baruti ardhini, mwangwi urudi uwaeleze chini kuna nini. Watu wa bara wakaviogopea visima vyao. Ndipo wewe, fundi wa kamba na kapi za mashua, ulipowatengenezea chuma cha kuangusha badala ya baruti. Lakini chuma kilidunda. Kiligonga mara mbili, mwangwi ukavurugika.

Ukaja kujaribu uani kwangu. Mimi chumbani, sikio ukutani. Wewe nje na mchi wangu, waudondosha.

"Mwanapili, wasikia ngapi?"

"Mbili. Mtu mzima wacheza na mchi! Mpunga nitautwangia nini?"

Baada ya mchi likaja jiwe, baada ya jiwe nazi yangu ya mchuzi. Mpaka ulipoangusha mfuko wa ngozi uliojaa mchanga: pu!

"Moja," nikasema. Ukaruka kama mtoto siku ya Idi. Mfuko kama ule, mkubwa kuliko ng'ombe, ndio mlioutumia bara, na visima vikasalimika.

Tangu hapo hata mlangoni ulibisha mara moja tu, ukatega sikio. Nikikuuliza adabu imekwenda wapi, wasema: "Hodi ya pili yaharibu jibu."

Na kila ukirudi, kitendawili kilekile. "Umeshindwa? Nipe mji nikwambie."

"Sikupi. Bado nafikiri."

Wacheka, waenda zako, ili urudi uniulize tena. Safari ya mwisho ulikwishapanda mashua, ukaita: "Mwanapili! Wanipa mji?" Nikakupungia mkono tu. Utarudi, nilijua.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, wanao Hafswa na Mahmudi, dadako Barke, na wajukuu, ambao nao hubisha mara moja tu, moyo wangu ukaruka kila mara. Mola akurehemu. Haitapita siku jina lako lisitajwe humu ndani.

Mji sikupi, Famau. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Ni ardhi.