Simu Yangu Haijafa, Mama

Gatete, Rumonge

Mama mpendwa,

Amahoro, mama yangu, na shikamoo. Magoti yanasemaje? Mahindi ya huko Katumba yamekomaa? Mimi ni mzima. Nasikia umeambiwa nimekususia tangu nitoke huko ukimbizini nikarudi Burundi. Aliyesema hivyo ni mwongo.

Ni simu. Ile programu tunayopigiana ilikataa kufunguka, ikadai simu yangu imezeeka. Nikaenda sokoni Rumonge. Muuzaji hakuigusa hata kidogo: "Papa, hii iko imekufa. Ukamate ya mupya." Nikamjibu kwamba maiti haiwaki taa. Kioo kizima, betri nzima. Kilichokwisha ni huruma ya walioiunda, wanaotaka tununue kila wakipiga filimbi. Mama, tumefukuzwa kwenye nyumba na mashamba. Kwenye simu yangu sifukuzwi.

Nikampelekea Saidi, fundi wa redio. Yeye huung'oa mfumo wa kiwandani na kupandikiza mwingine, uliotungwa na watu wanaougawa bure. Akanionya: kila kitu kitafutika, na kazi ikikatika katikati, simu inabaki jiwe. Nikasema aendelee.

Ikakatika. Kompyuta mara inaiona simu, mara haiioni. Saidi akachungulia tundu la waya, akanusa.

"Mwalimu, ulitia nini humu?"

"Mawese. Kutu isiingie."

Huku ziwani tunapaka mawese kufuli, bawaba, minyororo ya baiskeli. Kwa nini simu ibaguliwe?

"Hii iko simu ao iko samaki mukeke ya kukaanga?"

Wakamuaji mawese wa jirani walicheka mpaka wakaacha kinu. Saidi akasugua tundu kwa mswaki na spiriti, akaanza upya. Kioo kilikaa cheusi hata nikaanza kuandaa matusi. Halafu kikawaka, na programu yetu ikafunguka.

Ila namba yako mpya ilikuwa ndani ya programu ileile iliyofungwa, nayo ikafutika. Ndiyo maana nakuandikia. Yangu haijabadilika: ni ile uliyoichora kwa mkaa ukutani jikoni.

Nisalimie kaka Yeremia, mfuga nyuki wetu, na shangazi Skola, mama wa kwaya. Mwambie waumini wa huku wanaimba kwa uvivu.

Nipigie wewe, mama. Na kabla ya kupiga, mwite huyo mzushi, mpe kiti karibu nawe, asikie mwenyewe.

Mwanao asiyesusa,
Ezekieli