Smoki Aliyovaa Baba Kanisani

Dorset, wiki ya kukata manyoya

Kwa dada yangu mpenzi Kezia,

Pokea salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Bristol, na bibi mwenye nyumba amepunguza makelele. Sisi hatujambo, ila Bibi na goti lake.

Dada, umekosa vituko! Unakumbuka Baba alivyoapa kwamba binti wa mwendesha mikokoteni hataolewa na mchunga kondoo, na Jabez asikanyage kwetu. Basi nikawa namshonea Jabez kwa siri smoki ya kazini, vazi lile pana la kitani la kuvalia kichwani, kifuani nimetarizi fimbo za wachunga kondoo badala ya magurudumu yetu, maana kila kazi ina alama yake. Nikaificha sandukuni, chini kabisa ya smoki za Baba.

Jumapili si Baba akatoka chumbani kaivaa! Mama akanikanyaga mguu ninyamaze. Kanisani watu walikohoa kama wana kifaduro. Ibada ilipokwisha, kasisi mpya, yule apendaye kuchimbua maneno, akamshika Baba mlangoni. Akamweleza kuwa neno smoki ni la kale mno, na asili yake ni kutambaa, maana mtu huingiza kichwa akatambaa ndani. Bibi akamkatiza, tangu lini! Smoki ni vazi la ndani la mwanamke, yeye alijishindia moja kwenye mbio za wasichana, na kasisi akitaka ushahidi, hata sasa kaivaa. Kasisi akawa mwekundu mpaka masikioni. Obadia mhunzi akadakia kwamba iwe ya ndani au ya nje, yeye hajaona mkokoteni unaokwenda kwa fimbo za kondoo. Watu wakaangua kicheko.

Dada wee! Nilijua nimekwisha, na Jabez wangu ndiyo basi tena. Baba akajitazama kifuani, kisha akauliza, kwa sauti ile ya kuitia farasi, wanacheka nini, kwani hawajaona mtu kavaa zawadi ya mkwewe? Papo hapo akamwita Jabez aje kula kwetu.

Ndiyo, naolewa, baada ya mavuno! Nilidhani Baba kabanwa na aibu tu. Lakini jana Mama kaninong'oneza kwamba asubuhi ile Baba alisimama nayo dirishani muda mrefu, akipapasa zile fimbo. Akasema hata magurudumu yake sijawahi kuyashona vizuri hivyo. Ndipo akaingiza kichwa, akatambaa ndani.

Bibi anakusalimu, anasema ile smoki yake utairithi wewe. Usikose harusi.

Mdogo wako akupendaye,
Tamsin