Sahihi ya Wifi

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Mama anakusalimu, na anauliza kama huko hotelini unakofua mashuka wameshakupa glavu au bado vidole vinachubuka. Kaka yako yuko safarini na lori lake, atarudi mwisho wa mwezi. Mume gani huyu uliyenipa, anakuja nyumbani kama mgeni? Watoto wazima, wanakula kama wanashindana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii ina masikio, na masikio yenyewe ni ya mama yako.

Ile oveni ya umeme niliyokutumia picha, niliichukua dukani kwa mkopo, nilipe kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwezi wa kwanza iliniokea mikate mpaka wenye maduka ya mtaani wakawa wananigombania. Mwezi wa pili upande wa kushoto ukafa. Ukiingiza trei, nusu inaiva, nusu inabaki kinyunga. Nimewarudia dukani, wananiambia nimeichezea. Nimeichezea! Kwani ni mdoli? Nikawaambia, msipotengeneza silipi. Basi wao hawatengenezi, mimi silipi, na sasa wananiletea mkusanya madeni anayesimama mlangoni na kutaja jina langu kwa sauti ili majirani wote wasikie.

Kaka yako hajui. Alinikataza mikopo kabla hata sijamaliza kutamka neno lenyewe. Wifi, watu wenye shida kama hii huenda kwa nani? Yamenifika shingoni, na hapa kila nitakayemuuliza atanicheka kwanza.

Ni mimi, wifi yako wa unga

20 Februari

Wifi wa unga,

Salamu nyingi. Mimi mzima, glavu nimepewa, mwambie mama alale usingizi. Wewe hujambo na roho yako hiyo ya kununua kitu kikubwa kuliko mlango?

Nimecheka, halafu nimekasirika. Oveni imeharibika ndani ya miezi miwili na wanataka ulipe kama nzima? Hapa tunapokunja mashuka yupo mama mmoja aliyewahi kufanyiwa hivyo na friji. Kasema usibishane dukani, tafuta ofisi ya kutetea wateja, ushauri wake ni wa bure. Nikampigia rafiki yangu wa shule, kaniambia hata huko ipo, nyuma ya posta, mlango wa kijani. Nenda na risiti, mkataba na ile kadi ya dhamana ya dukani. Mtu yeyote akikudai pesa ili akusafishie jina, mkimbie.

Na deni la oveni liishie kwenye oveni, lisiiguse nyumba. Hiyo nyumba baba alituachia mimi na kaka ili mama azeekee humo. Hati yake unaitunza wewe kwa sababu nakuamini kuliko kaka, ambaye hupoteza hata viatu.

Wifi yako wa mashuka

9 Machi

Wifi yangu,

Habari za huko? Huku kwema, mama kaanza kutembea mpaka dukani mwenyewe na kurudi na umbea wa wiki nzima.

Nilikwenda huko nyuma ya posta. Wifi, siendi tena. Kuna mwanamke mmoja wa miwani, hakunisalimia. Hata "karibu" hakuna. Kanyoosha mkono, "Karatasi." Nikampa. Akaanza kuniuliza mbele ya watu waliojaa benchi zima: unapata kiasi gani kwa mwezi, unadaiwa wapi kwingine, mumeo anajua? Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya oveni, si kwa ajili ya ndoa. Akasema, bila kuinua macho, "Asiyejibu hasaidiki." Nikachukua karatasi zangu nikatoka. Machozi yalinitoka pale mlangoni, sikufichi.

Hapo hapo akanifuata baba mmoja wa makamo, nadhifu, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Hao ndivyo walivyo, wanamtendea mtu kama hana kwao." Watu wanamwita Mshauri. Anawasaidia wenye madeni, na kwa dakika chache zile alijua habari yangu yote bila kuniaibisha. Jana kaja nyumbani. Kavua viatu mlangoni, kamsalimia mama yako kwa heshima zote, kakaa naye kwanza kabla ya kutaja kilichomleta. Mama anasema huyo ndiye mtu aliyelelewa.

Usiwe na wasiwasi, mambo yanakwenda vizuri.

Wifi yako wa unga

25 Machi

Wifi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima, ila moyo uko juu.

Huyo Mshauri alikuwa anafanya nini mlangoni pa ofisi ya watu? Ofisi ya bure, yeye amesimama nje anaokota wanaotoka wakilia? Jamani wifi, wewe si mtoto. Amekuomba nini? Amekupa karatasi gani?

Najua inauma mtu asipokusalimia. Msimamizi wangu hapa hajawahi kuniuliza nimeamkaje tangu awe msimamizi, lakini hajanikata hata senti moja ya mshahara. Yule wa kabla yake alikuwa akiniita dada yangu kipenzi, na mishahara miwili aliondoka nayo. Yule wa miwani alikuuliza unapata kiasi gani kwa sababu bila hiyo atakupangiaje?

Usisaini kitu. Rudi nyuma ya posta, hata kama atakununia mpaka jioni. Nijibu upesi.

Wifi yako

30 Aprili

Wifi, hamjambo?

Mbona kimya? Nikipiga simu anapokea mama, anasema uko jikoni. Jikoni gani hiyo isiyoisha? Mama anasema mkusanya madeni haji tena, na kwamba Mshauri ni mtu wa watu. Sijapenda. Niandikie hata mistari miwili, hata ya kunitukana.

Wifi yako

17 Juni

Wifi yangu,

Nakusalimu, ingawa sijui utaipokeaje salamu yangu. Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mimi sijui nisemeje.

Barua yako ya Machi ilinikuta nimeshasaini. Nilisoma pale "usisaini" nikakaa chini sakafuni, unga wote mkononi. Ndiyo maana nilinyamaza. Kila siku nilijiambia nitaandika kesho, labda mambo yatajinyoosha.

Mshauri alililipa lile deni la dukani, kweli, na yule mpiga kelele akaacha kuja. Lakini karatasi niliyosaini inasema yeye amenikopesha, na kiasi kilichoandikwa humo ni zaidi ya mara tatu ya alicholipa. Dhamana ni nyumba. Hati nilimpa mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Aliniuliza, je, wenye nyumba wamekubali? Wifi, nikamwambia wewe umenikubalia. Nikasema umeniandikia barua. Akaandika hivyo kwenye karatasi, nami nikatia sahihi yangu chini yake. Nilidhani nitailipa kwa mikate na wewe hutajua kamwe. Niliingia mkenge na macho yangu wazi.

Muda alionipa wa kulipa umekwisha, na wiki iliyopita kaja na mnunuzi. Wakapima chumba cha mama kwa futi, huku mama akiwawekea chai. Anadhani wanataka kutupakia nyumba rangi.

Kaka yako alikuwa amerudi, ikabidi nimwambie yote. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Anakula kwa jirani. Heri angepiga kelele.

Nimerudi kwa yule wa miwani. Safari hii nilijibu kila alichouliza, na benchi lilijaa vile vile. Habari ya oveni aliimaliza kwa simu moja: duka lilitakiwa kuibadilisha tangu siku ya kwanza. Simu moja, wifi! Halafu akasoma karatasi ya Mshauri.

Amesema nyumba inaweza kuokoka. Mimi si mrithi, sikuwa na haki ya kuiweka dhamana. Kaka yako akikana haitatosha, watasema anaishi humu, alijua akanyamaza. Lakini wewe uko mbali. Ukitamka kwa maandishi kwamba hukuniruhusu, karatasi ile inaanguka. Nyumba inabaki ya mama.

Hakunificha la upande wa pili. Tamko lako litaonyesha kwamba nilidanganya, na Mshauri ameshaapa kwamba akishindwa nyumba atanishtaki mimi. Naweza kufungwa.

Andika, wifi. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Mama hana pa kwenda.

Wifi yako

5 Julai

Wifi,

Salamu. Mimi mzima wa mwili. Nimeongea na mama juzi, ananiuliza nampendekezea rangi gani chumbani. Nimemwambia asubiri kwanza.

Barua yako niliisoma kazini, na msimamizi, yule asiyeuliza kitu, akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nimekukasirikia sana, lazima ulijue hilo. Nilikukabidhi hati, ukaitoa. Ukaniweka mdomoni maneno ambayo sikuyasema. Kuna siku nimepita mbele ya posta na sikutaka hata kununua stempu yako.

Halafu nilimpigia mwanamke wa miwani. Hata mimi hakunisalimia. Nilimwambia niko tayari kusema kwamba nilikukubalia, nami nitalipa deni. Akaniuliza mshahara wangu, akapiga hesabu, akasema ningezeeka nikilipa na nyumba ingekwenda vile vile. Nikamwomba basi anisaidie kulipunguzia makali tamko langu, tuseme hukuelewa. Akasema, "Uliwepo? Andika unachokijua. Usimwongezee, usimpunguzie."

Nimeandika hivi: "Mke wa kaka yangu hakuniomba ruhusa. Sikumruhusu. Aliposema nimemkubalia hakusema kweli." Basi, hakuna zaidi. Nilitaka kuongeza kwamba wewe ndiye unayemwogesha mama tangu goti lake liharibike. Kwamba mwaka niliosafiri ulivunja kibubu chako cha mikate nipate nauli, na hujawahi kunikumbusha. Nikamsomea kwenye simu. Akasema mahakama haijauliza hayo.

Nimeyatoa. Nimesaini. Karatasi imo humu ndani ya bahasha. Ipeleke wewe mwenyewe nyuma ya posta, usimpe kaka, ataisoma njiani, na hayuko tayari.

Wakikupangia siku ya kesi, niambie mapema niombe ruhusa kazini. Nitakuja kukaa upande wako, wakinihitaji wasinihitaji.

Wifi yako